Njuka anapokelewa na nani?

Tabora mwezi wa saba usiku kuna baridi. Watu wa Dar ukiwaambia hawaaminigi, wao Tabora wanaijua kwa jua na maembe basi. Mimi hiyo baridi niliijua vizuri nikiwa nimesimama nyuma ya bweni na kaptula tu, saa nane usiku, siku ya pili toka niripoti kidato cha tano, tupo njuka, yani wanafunzi wapya, kumi na wanne tumepangwa mstari na kaka mmoja wa kidato cha sita ameshika ndoo ya maji. Kabla ya hapo tulishapima bweni kwa njiti ya kiberiti kutoka mlangoni mpaka ukuta wa mwisho, ukipotea hesabu unaanza upya, tulishapiga simu nyumbani kwa kutumia kandambili na mama "akapokea", tulishahutubia juu ya tranka kama wagombea ubunge. Mpaka hapo, nisiwe mnafiki, tulikuwa tunacheka, na jamaa aliyekuwa kitanda cha juu yangu alihutubia vizuri mpaka wale kaka wenyewe wakampigia makofi, na mpaka leo tukikutana namuita mheshimiwa.

Wa nne kwenye mstari alikuwa jamaa wa PCB, yani mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia, mwembamba, mpole, haongei. Akasema, "Kaka naomba mimi nisimwagiwe, naumwa." Wote wakaangua kicheko, kwa sababu usiku ule kila njuka anaumwa. Akamwagiwa. Asubuhi kengele ya paredi inalia yeye haamki, amejikunja kitandani ameshika magoti na ameuma shuka ili asilie kwa sauti, na hapo ndio kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikasikia neno selimundu, yani sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi. Alipelekwa hospitali, akarudi baada ya muda kuchukua godoro na tranka lake, akahamia shule ya kutwa karibu na kwao. Kasoma vizuri tu na yupo hai, ila shule yetu kaijua siku mbili.

Inasemekana hapa Tanzania watoto wapatao 11,000 wanazaliwa na selimundu kila mwaka, na mtu mwenye huo ugonjwa vitu vinavyomuamshia maumivu ni baridi ya ghafla, kukaa bila kunywa maji, kuchoka kupita kiasi na kukosa usingizi. Sasa chukua ratiba ya kumpokea njuka uiweke pembeni ya hiyo orodha, kidato cha tano wanaripoti mwezi wa saba, yani kipindi kile kile cha baridi, anatoka safari ya siku nzima kwenye basi au treni, usiku halali, anarushwa kichura, anamwagiwa maji. Ukimwambia daktari akupangie namna ya kumuumiza mtu wa selimundu bila kumgusa hawezi kukupangia vizuri zaidi ya hapo.

Na mtu mzima pekee aliyepita usiku ule alikuwa mlinzi. Tochi yake betri zilikuwa zinakata roho, mwanga wa njano unafika kwenye viatu vyake basi. Akauliza, "Nani hapo?" Kaka akajibu, "Tunafua, mzee." Saa nane usiku, watu kumi na nne wanafua kwa ndoo moja. Mzee akaendelea na lindo lake.

Naandika hivi kwa sababu kila msimu wa kuripoti ukifika mjadala unakuwa ule ule na unaishia pale pale. Wazazi wanasema hizi mila zipigwe marufuku kabisa, na sisi tuliosoma zamani tunajibu acheni watoto wakomae, mbona sisi tulipita. Mimi naona pande zote mbili zinaruka swali moja dogo, kwamba hii kitu imeishi miaka yote hiyo kwa nini? Walimu wanaijua, waraka unasomwa, watu wanasimamishwa masomo, na mwakani ipo. Jibu langu ni kwamba inaishi kwa sababu kuna kazi inafanya, kazi ambayo ilitakiwa ifanywe na shule na shule haiifanyi.

Kumbuka siku unaripoti. Unafika getini na mzazi wako, mnapanga foleni, mtu anakagua fomu ya kujiunga, anakagua godoro, jembe, fagio, rimu ya karatasi, anakuuliza sweta mbona sio rangi iliyoandikwa. Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa 2022 lakini foleni ya kukaguliwa vitu bado ni ile ile. Mzazi anaondoka. Hapo saa kumi jioni umekaa juu ya tranka lako na hakuna mtu hata mmoja aliyekwambia choo kiko wapi, mesi wanagonga kengele ngapi, mwalimu gani ukimkuta njiani unatakiwa usimame, ukiumwa usiku unamgongea nani. Nani anakuja kukwambia? Kidato cha sita, usiku, taa zikizimwa. Wanakufundisha nyimbo za bweni, majina ya utani ya walimu, njia ya mkato ya kwenda kisimani, nani wa kumuogopa na nani ni mbwembwe tu. Yote hayo ni ya kweli na unayahitaji. Tatizo yanakuja yamefungwa kifurushi kimoja na ndoo ya maji, huwezi kuchukua nusu.

Ndio maana aliyeonewa mwaka huu mwakani anaonea. Watu wanasema ni kisasi, mimi nadhani kisasi ni sehemu ndogo, kubwa ni kwamba hajawahi kuona namna nyingine ya kumpokea mgeni. Mimi mwenyewe mwaka uliofuata ndoo sikushika, huwa najisifia hilo, ila mlango nilishika. Nilisimama mlangoni kuangalia kama mlinzi anakuja.

Kuhusu sheria niseme kifupi maana sheria tunazo. Kanuni za viboko shuleni za 1979 na marekebisho yake ya 2002 zinasema viboko visizidi vinne, apige mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na iandikwe kwenye daftari. Sasa angalia kichekesho chake, mkuu wa shule mzima mwenye shahada kawekewa idadi na daftari, alafu kiranja wa miaka kumi na tisa anachapa kumi na mbili hana hata peni. Wahindi wameenda mbali kuliko sisi, Mahakama yao ya Juu ilikataza kuonea wanafunzi wapya tangu 2001, na mwaka 2009 tume yao ya vyuo vikuu ikatoa kanuni ambazo mwanafunzi na mzazi wote wanasaini kiapo, na wapya wanatakiwa kupewa bweni lao peke yao kadiri inavyowezekana. Bado matukio yanatokea. Kule Marekani majimbo 44 kati ya 50 yana sheria ya kuzuia kuwaonea wageni wa kikundi na bado kila mwaka unasikia. Nachokipenda kwenye kanuni ya India sio kiapo, karatasi kila mtu anasaini, nakipenda kile kipengele cha bweni, kwa sababu ni mtu mmoja amekaa akajiuliza saa nane usiku huyu mtoto amelala karibu na nani.

Kuna utetezi mmoja nausikia sana huku kwetu na unanikera kuliko yote, kwamba ule ni utani tu. Jamani, mimi mtu wa Unyamwezi msinifundishe utani! Wanyamwezi na Wazaramo ni watani toka enzi za misafara ya Bagamoyo, na utani una masharti yake, ukinitania nakutania, ukinichukulia kofia mimi nachukua kuku, na siku nimefiwa mtani ndiye anakuja kuchekesha watu msibani na kushika kazi ngumu ambazo ndugu hawaziwezi. Mtani ana haki ya kujibu na ana wajibu siku mbaya. Njuka akijibu nini kinampata? Na kaka aliyemmwagia maji yule jamaa wa PCB, siku anapelekwa hospitali alikuwa wapi? Alikuwa darasani, anasoma. Kile kwa Kinyamwezi au kwa Kiswahili hakiitwi utani.

Sasa tuje mwisho wa shule, maana kuna kuingia na kuna kutoka, na ukiangalia vizuri ugonjwa ni mmoja. Binti wa dada yangu alimaliza kidato cha nne huko Kigoma, shule siitaji. Nikampigia siku ya mahafali kumpongeza, namuuliza mwanangu vipi sherehe, ananijibu, "Mjomba sherehe ilikuwa ya wageni, sisi yetu tumefanya nyuma ya maabara." Nikamwambia hebu nieleze. Kwenye mahafali yenyewe walikaa juani kuanzia saa tatu, mgeni rasmi kafika saa saba kasoro, risala, hotuba, hotuba nyingine, harambee ya matenki ya maji, meza kuu ikala pilau na kuku chini ya turubai, wao wakapewa soda. Baada ya wageni kuondoka ndio wakaenda nyuma ya maabara na unga wa ngano, mayai, maji na peni za rangi, wakamwagiana, wakaandikiana kwenye mashati, wengine wakachana sketi. Mmoja mwenye pumu akavuta unga akabanwa kifua mpaka wakambeba.

Mwalimu wa nidhamu kesho yake kachapa watu kwa kuharibu sare. Sikatai, sare inauma, kuna mdogo nyumbani angeivaa mwakani, na mayai kwa bei ya sasa kuyavunjia kichwani kwa mtu ni dhambi ya peke yake. Ila hakuna aliyejiuliza kwa nini watoto waliofanyiwa sherehe mchana wamejitengenezea nyingine jioni. Ungewapa nusu saa tu kwenye ile ratiba, wakaimba nyimbo zao, wakaitwa mmoja mmoja kwa jina watu wakapiga kelele, wakaandikiana kwenye kipande cha shuka jeupe kikabaki shuleni kama kumbukumbu, ule unga ungebaki unapikwa maandazi.

Alafu akanipa na nyingine ambayo alikuwa hataki kuisema. Darasani kwao kulikuwa na dada mmoja amerudi kusoma baada ya kujifungua, kwa ule Waraka wa Elimu namba 2 wa mwaka 2021 ulioruhusu waliokatisha masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, warudi kwenye mfumo rasmi. Kasoma, kafanya mitihani ya majaribio kama wengine. Siku ya kupiga picha ya pamoja, dada mmoja wa kamati ya mahafali, mwanafunzi mwenzake, akamwambia asimame pembeni kwanza "tupige ya wasichana". Nikauliza yeye akafanyaje, mpwa wangu akanyamaza kidogo akasema, "Akashika simu, akatupiga sisi." Sijui niongeze nini hapo. Serikali imetoa waraka, mlango umefunguka, ila waraka haupangi picha, picha inapangwa na kamati ya watoto ambayo hakuna mwalimu aliyekaa nayo hata dakika kumi. Na wengine kumi na kitu hawakuwepo kwenye picha kwa sababu hawakutoa hela ya tisheti ya mahafali, walikuwa jikoni wanasaidia kumenya vitunguu. Tisheti! Kwani picha ilikuwa inapiga vifua?

Wamarekani wana sherehe zao za shule za sekondari, homecoming wanaita, wahitimu wa zamani wanarudi, kuna mechi, wiki nzima kila siku ina vazi lake, wanachagua mfalme na malkia. Ukisoma mijadala yao unakuta wanahangaika na kitu kile kile cha tisheti, vazi la kununua linamuacha nje asiye na hela, kwa hiyo shule nyingine zinaamua siku ziwe za vitu ambavyo kila mtu anavyo nyumbani. Kingine, Maine mwaka 2019 likawa jimbo la kwanza kukataza shule za umma kutumia wenyeji asili wa Marekani kama nembo ya timu, baada ya wenyewe kusema miaka mingi kwamba sisi ni watu sio mdoli wa uwanjani. Sisi nembo hizo hatuna, ila nyimbo tunazo. Timu ya Kigoma ikija kucheza huku inaimbiwa nini? "Rudini Burundi." Na watoto wa kule wamezoea, wanacheka, Muha, mwenyeji wa Kigoma, ameitwa Mrundi toka azaliwe, lakini kwenye ile ile timu unaweza kukuta mtoto ambaye kweli wazazi wake walikimbia huko na anaomba Mungu kila siku asijulikane. Ushangiliaji mzuri upo, tena mtamu. Hapa Tabora tuna shule ya viziwi toka 1963, na ukiona wale watoto wanavyoshangilia kwa kupunga mikono yote juu, vidole vinatetemeka, uwanja mzima kama majani ya mwembe yamepigwa upepo, unajiuliza kwa nini jukwaa letu halijawahi kujifunza hata hiyo moja.

Mashindano ya taifa ya UMISSETA, yani michezo ya shule za sekondari, yalikuja hapa mwaka 2022, mji ulichangamka, na ni kweli hakuna kitu kinamfanya mtoto aipende shule yake kama mechi. Kinachonitisha mimi ni safari za mechi ndogondogo, zile za kata na wilaya, Fuso moja, wanafunzi wamesimama nyuma wamebanana kama mkaa, wengine wamekaa juu ya kingo wanapiga ngoma kwa viganja, linaenda Sikonge na linarudi usiku. Kila mtu anajua. Mwalimu wa michezo amekaa mbele na dereva. Kwenye hili sina uchambuzi wowote, kama hela ya basi haipo mechi isiende.

La gwaride na paredi ndefu nalo liguswe, hasa kwa shule zetu za huku ambazo kwata ni sehemu ya jina la shule na watu wanalionea fahari, na mimi pia nalipenda, mguu ukigonga chini kwa pamoja mwili unasisimka. Ila kule Kabanga, Kasulu, kuna watoto wenye ualbino waliopelekwa kulelewa shuleni ili wasiuawe, kipindi kile cha mauaji. Hao watoto wanakua, wanafaulu, wanaenda sekondari. Mtu amefichwa asikatwe mkono, alafu anafika sekondari anasimamishwa juani masaa mawili bila kofia kwa sababu kofia sio sare. Saratani ya ngozi haina haraka, haimuangushi pale paredini ili watu washtuke. Kofia ya ukingo mpana na mikono mirefu, ruhusa itoke kwa mkuu wa shule mbele ya shule nzima, ili asiwe anaomba kila asubuhi kwa kiranja mpya.

Nikirudi kwenye njuka, ninachosema mimi ni shule iingie kwenye hiyo mila, isiifukuze. Tabora hapa ndipo TANU mwezi wa kwanza 1958 walikaa wakaamua kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu waliouchukia, ule wa kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, kwa sababu wakisusa uwanja wanabaki nao wengine. Najua nimeuvuta huo mfano kwa nguvu, wazee mnisamehe, lakini mwalimu anayesusa usiku wa kwanza usiku huo unabaki na nani? Hotuba juu ya tranka ibaki, ihamie bwaloni saa mbili usiku, mwalimu wa zamu akiwepo, na kidato cha sita nao wahutubie, hapo ndio inakuwa utani. Kila njuka apewe kaka au dada mmoja kwa jina, imeandikwa, ili jamaa wa PCB akisema naumwa awepo mtu ambaye kesho ataulizwa. Matroni aongee na kila mmoja faragha kuhusu magonjwa kabla giza halijaingia, asisubiri foleni ya ukaguzi ambapo mtu anaulizwa ugonjwa wake mbele ya wazazi wa watu. Na wiki mbili za mwanzo mtu mzima alale bwenini.

Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu. Mwaka jana shule moja ya huku ilituita wahitimu wa zamani kwenye kikao kabla ya wapya kuripoti, nikayasema haya, wakayapokea vizuri, mkuu wa shule akatingisha kichwa, mwalimu wa taaluma akaandika. Tukafika kwenye nani atalala bwenini. Mmoja ana mtoto mchanga. Mwingine akauliza kama kuna posho, mhasibu akaangalia dirishani. Patroni akasema yeye nyumba yake iko mita mia tu, wakimuita atasikia. Kimya. Mlinzi wa usiku alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango, aliitwa kwa ajili ya ajenda ya uzio, akanyoosha mkono.

"Mimi usiku nakuwepo tu, wakuu," akasema. "Ila naomba betri."

Mhasibu akamuuliza betri za shilingi ngapi, na hapo ndipo kikao kikaendelea.